Kupanda kilima cha ngome ya Buda kwa miguu: mwongozo kamili kuanzia lango la Vienna mpaka ukingo wa Danube

Watu wengi wanaofika Budapest, mji mkuu wa Hungaria, wanapanda kilima cha Buda kwa namna moja. Wanavuka daraja la Lánchíd, wanapanga foleni ya Sikló, kile kibehewa kinachovutwa kwa kamba kupanda mlima, wakifika juu wanapiga picha mto ukiwa nyuma yao, wanazunguka ua wa kasri, wanashuka, saa moja na nusu imekwisha. Mimi mara ya kwanza nilipandishwa hivyo hivyo na kikundi fulani, na yule aliyetuongoza akatuambia kila ukuta tunaoupita una miaka mia nane, nikaamini kabisa, nikapiga simu nyumbani nikawasimulia. Baadaye nimerudi mwenyewe mara nyingi, nikawa napeleka na wageni wangu, nikasoma vibao kimoja kimoja, ndo nikajua kwamba vingi kati ya vile tulivyoonyeshwa ni vya juzi tu, vya miaka ya 1890 na 1900, na vile vya kale kweli tulivipita bila hata kugeuza shingo.

Kwa hiyo nakupa swali moja la kubeba njia nzima: hiki ni cha lini? Uliza hivyo kwenye kila ukuta, kila paa, kila sanamu. Hiki kilima kimevunjwa na kujengwa tena mara nyingi mno. Wamongolia walikuja 1241, majira ya baridi mto Danube ukaganda wakavuka juu ya barafu, na walipoondoka mfalme Béla IV ndo akajenga mji wenye kuta hapa juu ili yasimkute tena. Waosmani, yaani Waturuki, wakauchukua 1541, jeshi la Wakristo likaurudisha 1686 ukiwa vifusi, 1849 Wahungaria wenyewe wakaupiga mizinga kuwatoa Waaustria, afu majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 Wajerumani wakajifungia humu na Wasovieti wakauzingira kwa wiki saba hivi. Ukijua tarehe hizo tano unaweza kusoma kilima chote bila kumtegemea mtu.

Kwanza elewa umbo lake. Kilima ni kirefu na chembamba, kama kilomita moja na nusu kutoka kaskazini kwenda kusini. Nusu ya kaskazini ni mtaa wa raia, nyumba za watu, makanisa, vichochoro. Nusu ya kusini ni kasri. Karibu wote wanaanzia kusini kwa sababu Sikló inawatua hapo, wakifika kanisa la Mátyás pale katikati wamechoka, kaskazini hawaoni kabisa. Sisi tunaenda kinyume, tunaanzia kaskazini na kushukia kusini, na uzuri wake ni kwamba ukishapanda mara moja tu mwanzoni, njia iliyobaki karibu yote ni tambarare au mteremko.

Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Jumatatu iache kama unataka makumbusho, maana Jumba la Sanaa la Taifa na Makumbusho ya Historia ya Budapest, yote mawili yamo ndani ya kasri, yanafungwa Jumatatu. Jumamosi mchana kanisa la Mátyás mara nyingi lina harusi na watalii hawaingii, Jumapili asubuhi kuna misa. Zinabaki Jumanne mpaka Ijumaa, na kati ya hizo yoyote ni poa.

Miezi mizuri ni Aprili na Mei, au Septemba na Oktoba. Julai jua linawaka na kwenye baraza za kasri hamna kivuli hata cha kuombea. Desemba saa kumi jioni giza linaingia, kwa hiyo ukiamka saa nne umeshaipoteza siku.

Anza saa mbili asubuhi. Sio kwa ajili ya baridi wala joto, ni kwa ajili ya mabasi ya watalii, ambayo yanaanza kumwaga watu kuanzia saa nne, na hapo ukiwa kaskazini kwenye vichochoro hayakuhusu.

Viatu ni raba zenye soli inayoshika. Barabara ni za mawe madogo ya mviringo, zikilowa zinateleza na zikiganda ndo balaa, na nimewahi kumuona dada wa watu amevaa viatu vya kisigino akashikwa mkono na mumewe kuanzia getini mpaka kanisani. Beba chupa ya maji, sweta hata kama ni kiangazi (sababu utaiona hatua ya 8), na forinti kidogo za sarafu kwa ajili ya choo.

Hatua ya 2: Amua nani anakuongoza

Kuna njia tatu. Kuna vile vikundi vya bure ambavyo unajiandikisha mtandaoni, mwongozaji anawatembeza saa mbili au tatu, mwishoni kila mtu anatoa bakhshishi anayoona inafaa, na tafadhali toa, huyo mtu anaishi kwa hiyo. Kuna mwongozaji wa kukodi mwenyewe, ghali, lakini kama mko familia ya watu sita mkigawana inalipa na anakwenda kwa mwendo wa bibi na watoto. Na kuna kwenda peke yako na huu mwongozo mkononi.

Ukichagua kikundi, waandikie kabla uwaulize vitu viwili. Je, mnafika Bécsi kapu (lango la Vienna, kaskazini) na Kapisztrán tér (tér ni uwanja), au mnaishia kanisani? Wengi wanaishia kanisani. Na cha pili, Halászbástya, ile ngome ya wavuvi yenye minara myeupe nyuma ya kanisa, ilijengwa lini? Akikujibu ni ngome ya zama za kati, tafuta mwingine.

Hatua ya 3: Fika Széll Kálmán tér, panda kwa miguu

Chukua metro M2, ile nyekundu, shuka Széll Kálmán tér. Tiketi nunua kwenye apu ya BudapestGO au kwenye mashine za kituoni, na kama ni ya karatasi igonge kwenye kimashine kabla hujateremka ngazi, wakaguzi wapo na faini haina mjadala hata ukisema wewe mgeni. Wasioweza kupanda kuna basi la 16 linalopita juu mpaka ndani ya mtaa wa ngome, tiketi ni ile ile ya kawaida. Sikló ndo ina tiketi yake peke yake, ya kawaida haikubaliki.

Kutoka kituoni fuata Várfok utca (utca ni mtaa), ni mpando wa dakika kumi hivi, unafika kwenye lango.

Kabla hujapanda lakini, simama kidogo hapo kituoni. Usiku wa Februari 11, 1945, wanajeshi wa Kijerumani na wa Kihungaria waliokuwa wamezingirwa kilimani walijaribu kutoka, na walitokea upande huu huu, wakashukia kwenye risasi za Wasovieti waliokuwa wanawasubiri. Waliofanikiwa kupita ni wachache sana. Siku mbili baadaye, Februari 13, Buda ikasalimu amri. Leo watu wananunua mkate hapo wanakimbilia tramu, hakuna kinachokuonyesha kitu, ndo maana nakwambia mimi.

Hatua ya 4: Bécsi kapu, halafu Táncsics Mihály utca

Bécsi kapu maana yake lango la Vienna, kwa sababu barabara ya Vienna ilianzia hapa. Swali letu: la lini? Lango kwa mahali ni la kale, lakini hili unalopita chini yake ni la 1936, lilijengwa kuadhimisha miaka 250 tangu Waosmani watolewe. Lile jengo kubwa la pembeni lenye paa la vigae vya rangi ni Nyaraka za Taifa.

Ingia Táncsics Mihály utca, mtaa umetulia asubuhi unasikia viatu vyako mwenyewe. Namba 26 kuna chumba kidogo cha ibada cha Wayahudi wa zama za kati, kiligunduliwa 1964 chini ya nyumba, na ukutani wamekuta michoro miwili ya rangi nyekundu yenye maandishi ya Kiebrania, mmoja ni upinde na mshale, mwingine nyota ya Daudi. Hiki ni cha kale kweli. Chini ya Waosmani Wayahudi waliishi hapa kwa amani ya kutosha, wakapigana upande wa Waosmani 1686, na jeshi lililoshinda lilipoingia liliwachinja wengi wao. Vibao vingi kilimani vinasema siku ile Buda ilikombolewa. Kwa watu wa chumba hiki haikuwa hivyo, na mimi nikileta wageni hapa ndo huwa naongea taratibu zaidi kuliko popote.

Namba 9 palikuwa gereza, na mtaa umepewa jina la mfungwa wake, mwandishi Mihály Táncsics, aliyefungwa kwa maandishi yake. Machi 15, 1848 mapinduzi yalipoanza Pest, upande wa ng'ambo wa mji, umati ulivuka mto ukaja kumtoa hapa. Machi 15 mpaka leo ni sikukuu ya taifa.

Hatua ya 5: Mnara usio na kanisa na kaburi la pasha

Kutoka Bécsi kapu (rudi nyuma kidogo) nenda Kapisztrán tér. Kuna mnara umesimama peke yake na nyuma yake uwanja mtupu wenye dirisha moja la mawe limesimama hewani. Ni kanisa la Maria Magdalena, la karne ya 13 asili yake. Hili ndo lilikuwa kanisa la wakazi Wahungaria, wakazi Wajerumani walisali kanisa la Mátyás. Wakati wa Waosmani ndo lilikuwa kanisa pekee lililoachwa kwa Wakristo, kwa hiyo Wakatoliki na Waprotestanti wakagawana jengo moja, hawa mbele, hawa nyuma. Mabomu ya vita vya pili yaliliharibu na baada ya vita likabomolewa, ukabaki mnara. Mnara unapandika, ngazi ni nyingi lakini unaona kilima chote kwa urefu wake.

Zunguka nyuma ya jengo la Makumbusho ya Kijeshi, kwenye pembe ya kaskazini kabisa ya ukuta, utaona kaburi la mawe lenye kilemba juu yake. Ni kumbukumbu ya Abdurrahman Abdi Pasha, mtawala wa mwisho wa Kiosmani wa Buda, mzee wa miaka 70, aliyeuawa karibu na hapo Septemba 2, 1686 akipigana badala ya kusalimu amri. Maandishi yapo kwa Kihungaria na Kituruki na yanaishia na maneno haya: alikuwa adui shujaa, amani iwe naye. Sijaona sehemu nyingi duniani watu wakimwekea aliyewatawala maneno kama hayo. Watalii hapa hawafiki. Wasomaji Waislamu, ukitoka hapa na una siku nyingine, kuna kaburi la Gül Baba, darweshi aliyekufa 1541, liko kilima cha jirani cha Rózsadomb, limekarabatiwa vizuri sana, nenda hata kama una saa moja tu.

Kutoka kaburini shika Tóth Árpád sétány, njia ya juu ya ukuta wa magharibi. Mwanzoni mwa Aprili miti ya hapo inachanua maua ya waridi na mji mzima unakuja kupiga selfi.

Hatua ya 6: Ingia kwenye milango ya watu, Úri utca na Országház utca

Hapa ndo moyo wa safari, tafadhali usikimbie.

Mitaa hii miwili inaenda sambamba. Ukiitazama kwa mbali ni nyumba za ghorofa moja au mbili zilizopakwa njano, kijani hafifu, waridi, za karne ya 18, zilijengwa baada ya vifusi vya 1686. Lakini chungulia ndani ya njia za kuingilia, yale mageti makubwa ya mbao ambayo asubuhi mara nyingi yako wazi. Ukutani pembeni utaona vijikao vya mawe vimechongwa ndani ya ukuta, vimepangana mfululizo, kila kimoja kina tao lake juu lenye ncha au lenye majani matatu. Ni vya karne ya 14 na 15. Cheki Országház utca namba 9, ndo vimekaa vizuri kuliko vyote nilivyoviona.

Mtu wa pwani akiviona anaelewa mara moja, kwa sababu ni daka. Nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji Mkongwe ina sehemu yake ya kuingilia yenye viti vya mawe pande mbili, mgeni anakaa hapo, biashara inaongelewa hapo, hafiki ndani. Wataalamu wa huku bado wanabishana vijikao hivi vilikuwa vya nini hasa, wengine wanasema wafanyabiashara waliuzia bidhaa, wengine wanasema walikaa watumishi waliosubiri mabwana zao. Mimi nikivitazama namuona mtu amekaa anasubiri kuitwa ndani.

Sasa sikiliza jinsi vilivyopatikana. Kwa karne mbili na zaidi vilifunikwa na plasta na matofali, hakuna aliyejua kama vipo. 1945 mabomu yakaibandua ile plasta, kuta zikapasuka, na waliokuja kukarabati wakakuta zama za kati zimejificha ndani ya nyumba za juzi. Wakaamua wasizifunike tena. Kwa hiyo kitu cha kale zaidi unachokiona mtaani hapa kimefichuliwa na uharibifu mbaya zaidi uliowahi kuufika mtaa wenyewe. Úri utca 31 ina ukuta mzima wa mbele wa kigothi uliotoka hivyo.

Kanuni za hapa: watu wanaishi humu. Geti likiwa wazi ingia hatua mbili tatu, tazama, sema jó napot kama kuna mtu (ndo salamu ya mchana), usipige kelele, usiingie mpaka uani. Likiwa limefungwa usigonge, nenda la pili.

Hatua ya 7: Szentháromság tér, Mátyás na Halászbástya

Ukitokea Országház utca unaangukia kwenye uwanja wenye nguzo nyeupe iliyojaa sanamu. Ni ya 1713, nadhiri ya watu wa Buda baada ya tauni. Nyuma yake ni kanisa.

Jina rasmi ni kanisa la Bikira Maria, wote wanaliita Mátyás-templom kwa jina la mfalme Mátyás Corvinus, aliyetawala 1458 mpaka 1490 na kufungia ndoa zake hapa. Wahungaria wanasimulia kwamba Mátyás alikuwa akijivika nguo za kimaskini anatembea usiku kusikiliza wananchi wanadhulumiwa vipi, kesho yake anawaita waliowadhulumu. Aliyekulia kwenye hadithi za Harun Rashid na waziri wake hapo anatabasamu. Wana hata msemo, Mátyás amekufa, haki imeondoka.

Kanisa ni la lini? Hapa jibu lina tabaka. Mwili ni wa zama za kati, 1541 likageuzwa msikiti kuta zikapakwa chokaa, 1686 likarudi kanisa, afu kati ya 1874 na 1896 mbunifu Frigyes Schulek akalijenga upya karibu lote, baadhi kwa mawe ya zamani aliyoyakuta na mengine kwa alivyodhani linapaswa kuwa. Lile paa la vigae vinavyong'aa vya kiwanda cha Zsolnay ni la kwake. Michoro ya ndani iliyojaa kila inchi ya ukuta ni ya Bertalan Székely na Károly Lotz, wa wakati huo huo. Ni pazuri mno ndani, lipia uingie, lakini jua unachokitazama ni zama za kati kama zilivyoota ndotoni mwa watu wa karne ya 19.

Juni 8, 1867 hapa ndani alitawazwa Franz Joseph, kaisari wa Austria, kuwa mfalme wa Hungaria pamoja na mkewe Elisabeth, ambaye wote wanamwita Sisi, na muziki wa misa ya siku hiyo aliutunga Franz Liszt. Mtoto wao Rudolf alikuwa na miaka 8. Sasa shika hilo jina. Miaka 20 baadaye bwana mkubwa mmoja wa Kihungaria, Sámuel Teleki, alitoka Pangani na msafara mkubwa wa wapagazi, na Machi 1888 wakafika kwenye ziwa kubwa la kijani jangwani, akalipa jina la yule mtoto. Ndo likaitwa Lake Rudolf mpaka 1975 Kenya ilipolirudishia watu wake na kuliita Turkana. Waliopanda Mlima Kenya wanalijua pia bonde la Teleki. Nikisimama mbele ya altare ile nafikiria wale wapagazi waliobeba mizigo kutoka pwani ili ziwa la Waturkana lipewe jina la mtoto wa hapa, ambaye hakuwahi kuliona, na alikufa 1889.

Nyuma ya kanisa kuna Halászbástya, ile yenye minara myeupe yenye ncha ambayo ndo iko kwenye kila posta kadi. Ni ya 1902, Schulek huyo huyo. Haijawahi kupigana vita kama ngome, ilijengwa iwe pazuri pa kusimama na kutazama. Minara ni saba kwa ajili ya machifu saba wa Wamagyar, yaani Wahungaria wa mwanzo, walioongoza makabila yao kuja bonde hili mwishoni mwa karne ya 9. Jina, ngome ya wavuvi, linatokana na wavuvi waliokuwa wakiishi chini yake, wanasema wao ndo walikuwa na zamu ya kulinda kipande hiki cha ukuta. Sio kosa kuipenda, mimi naipenda. Kuanzia saa tatu asubuhi baraza la juu lina kiingilio, la chini ni bure muda wote na kwa mandhari ya Bunge ng'ambo hamna tofauti ya maana. Anayetaka picha bila watu afike alfajiri moja kwa moja, afu arudi Bécsi kapu kuanza hatua ya 4, ni mwendo wa dakika saba nane tu.

Kabla hujaondoka cheki Hess András tér, hatua chache kaskazini. Hess alichapa hapa Buda kitabu cha kwanza kuchapwa Hungaria, 1473. Na juu ya mlango wa nyumba moja kuna kalunguyeye mwekundu wa jiwe, ilikuwa nyumba ya wageni zamani, watoto wanapenda kumtafuta.

Pumzika kidogo, ule

Szentháromság utca namba 7 ni Ruszwurm, duka la keki la tangu 1827, chumba chenyewe ni kidogo kama sebule ya bibi. Agiza krémes, keki yao ya krimu. Foleni ikiwa ndefu rudi baada ya saa sita na nusu, inapungua.

Kwa chakula cha maana ni bora ushuke chini, huku juu bei zinapaa. Kwa asiyekula nguruwe, soma menyu: sertés ni nguruwe, marha ni ng'ombe, csirke ni kuku, na uliza kama wamekaangia zsír, maana mara nyingi hayo ni mafuta ya nguruwe hata kwenye chakula cha mboga. Gulyás ni supu, na ya ng'ombe ndo ya asili.

Hatua ya 8: Chini ya mwamba

Mwisho wa Szentháromság utca kuna ngazi za kushukia Lovas út, na hapo ni Sziklakórház, hospitali ndani ya mapango ya kilima. Ilifunguliwa 1944, ilitengenezewa wagonjwa makumi tu lakini wakati wa kuzingirwa walilazwa mamia, vitanda vimebanana, bandeji za waliokufa zinachemshwa zitumike tena. Ilitumika tena kwenye mapinduzi ya 1956 dhidi ya utawala wa Kisovieti, afu ikageuzwa handaki la kujikinga na bomu la nyuklia. Unaingia na mwongozaji tu, kwa saa maalumu, picha haziruhusiwi, na ndani kuna ubaridi mwaka mzima, ndo sababu ya lile sweta. Mwenye moyo mwepesi au watoto wadogo wapite tu.

Hatua ya 9: Dísz tér mpaka kasri

Panda tena juu, pita Dísz tér, tazama sanamu ya mwanajeshi wa 1849, endelea. Utakutana na kreni na mabati. Serikali inajenga upya majengo yaliyokuwepo kabla ya vita, mpango umepewa jina la Alajos Hauszmann, mbunifu aliyelimalizia kasri mwanzoni mwa karne ya 20. Wengine wanashangilia, wengine wanasema ni kujenga nakala na kufuta kumbukumbu ya vita. Mimi niko na hao wa pili kwa sehemu: nakala ni nzuri kwa macho, lakini andikeni kwa herufi kubwa ukutani kwamba ni ya mwaka gani.

Sándor Palota ni ofisi ya rais, walinzi wanabadilishana kila saa, ya saa sita mchana ndo ndefu. Jengo la pembeni lilikuwa monasteri ya Wakarmeli, kanisa lake likageuzwa ukumbi wa maonyesho, na mwanamuziki Beethoven alipiga kinanda humo mwaka 1800. Yule ndege mkubwa wa shaba aliyeshika upanga ni turul, ndege wa hadithi za asili ya Wamagyar, wa 1905.

Kasri lenyewe sasa. Wageni wanategemea vyumba vya kifalme, viti vya dhahabu, hamna. Lilichomeka 1945, na lilipojengwa upya ndani walitengeneza makumbusho, hata kuba unaloliona ni la miaka ya 1960 na halifanani na la Hauszmann. Ukumbi mmoja tu, wa Mtakatifu Stefano, umetengenezwa upya ulivyokuwa na kufunguliwa 2021. Kwa hiyo nje ndo penye mambo: chemchemi ya Mátyás ya 1904 akiwa mawindoni na binti Ilonka akimtazama asijue ni mfalme, na mbele upande wa mto sanamu ya Eugene wa Savoy, jemadari aliyepigana na Waosmani, juu ya farasi. Simama hapo, daraja la Lánchíd liko chini yako, la 1849, Wajerumani wakalilipua Januari 1945, likafunguliwa tena 1949, miaka mia kamili.

Hatua ya 10: Makumbusho ya Historia ya Budapest, usiyaruke

Pita ua wa simba, mlango uko mwisho. Ukiwa na nguvu ya makumbusho moja tu chagua haya. Shuka chini kabisa, kuna kumbi za kigothi na sehemu ya chini ya kanisa la kasri la zama za kati, zilizochimbuliwa baada ya vita.

Halafu nenda kwenye zile sanamu. 1974 wachimbaji walikuta shimo limejaa vipande vya sanamu za mawe za karne ya 14 na 15, watu wa ikulu, watakatifu, mabibi wenye vilemba vya wakati huo, vimevunjwa na kutupwa kama kifusi cha kujazia. Zimeunganishwa kadiri ilivyowezekana, nyingi hazina pua au mikono, lakini sura zipo, na rangi kidogo imebaki kwenye baadhi. Kaa nazo robo saa. Hizi ndo sura za watu waliokuwa kwenye kilima hiki, mawe yenyewe, bila nakala.

Hatua ya 11: Kushuka

Toka, fuata njia za upande wa mto kushuka Várkert Bazár, kuna ngazi za kawaida, ngazi za umeme na lifti, zote bure, kwa hiyo mwenye magoti mabovu au kitoto kwenye kigari anashuka bila shida (na asiyetaka kupanda Várfok utca anaweza kupandia hapa, ageuze tu mwongozo). Matao yale ni ya Miklós Ybl, yalimalizika 1883, yakachakaa sana, yakakarabatiwa na kufunguliwa tena 2014.

Chini kabisa tramu 19 na 41 zinapita. Ukishuka Batthyány tér unaunganisha na M2. Giza likiingia vuka ng'ambo ya Pest, panda tramu namba 2 kutoka Fővám tér kuelekea Bungeni, kaa kushoto dirishani. Kilima chote kitakuwa kimewashwa taa. Kasri liko kushoto, Halászbástya inang'aa katikati na mnara wa Mátyás nyuma yake, na ule mweusi mwembamba zaidi wa kulia, usio na taa nyingi, ndo wa Maria Magdalena.